Kompyuta Mpya Haitaharakisha Uzi wa Gitaa

Leo nimekuja na lalamiko, na linaanzia nyumbani: linatuhusu sisi tunaoandika programu.

Kila mara mpiga gitaa anapouliza kwa nini noti zinachelewa akigeuza gitaa lake kuwa MIDI, jibu analopewa ni lile lile: nunua kompyuta yenye kasi zaidi. Au kadi ya sauti ya bei zaidi. Jibu hilo nimelitoa mimi mwenyewe mara nyingi, tena kwa ujasiri wa mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Nilikuwa nimekosea.

Kwa wale ambao hawajakutana na kitu hiki, MIDI si sauti. Ni maagizo: noti fulani imeanza, imepigwa kwa nguvu kiasi hiki, sasa imekoma. Utaratibu wenyewe ulichapishwa mwaka wa 1983 na ulitengenezwa watu wakifikiria vinanda. Kinanda kina raha yake. Ukibonyeza kitufe, swichi iliyo chini yake inajua papo hapo ni kitufe gani. Gitaa halina swichi. Programu inapokea mawimbi tu kutoka kwa waya, na inabidi iyasikilize na kuamua: hii ni E au ni F? Ikifaulu, gitaa lako linaweza kulia kama filimbi, tarumbeta au besi. Muda inaotumia kuamua ndio huo unaousikia kama kuchelewa.

Mjomba wangu alipiga gitaa katika bendi ya benga ujanani mwake. Ana nyimbo ambazo hazikuwahi kuingia studio, na mwaka jana akataka tuzirekodi kabla hazijasahaulika. Kuimba anaimba, solo anapiga mwenyewe, lakini mpiga besi hana, na anayeijua benga anajua kwamba bila besi hakuna wimbo. Nikamwambia, Mjomba, usijali, utapiga besi kwa gitaa hilo hilo, kompyuta itaishusha oktava moja. Nikaunganisha kila kitu sebuleni kwake. Akapiga kidogo, akasimama, akapiga tena. Kisha akainua mkono wa kulia akautazama.

"Mpwa wangu," akasema, "vidole vimezeeka."

Naona haya kuyaandika haya, lakini nilikubaliana naye. Nikamwambia apige polepole. Alijaribu kwa siku mbili, halafu gitaa likarudi mfukoni na kukaa humo miezi mitatu.

Kilichonirudisha kwenye jambo hili ni udadisi, wala si huruma. Jioni moja nilikaa na gitaa langu, nikatumia mpangilio ule ule, na vidole vyangu ambavyo havijazeeka vikachelewa vile vile. Basi nikafanya jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza: nikapima. Nilirekodi gitaa lenyewe kwenye njia moja, na sauti iliyotoka kwa kompyuta kwenye njia ya pili, halafu nikahesabu sampuli zilizo katikati ya mwanzo wa hii na mwanzo wa ile. Kwa sampuli 44,100 kila sekunde, hesabu haina ubishi.

Bafa ilikuwa sampuli 512, kama nilivyoikuta. Uzi wa sita, ule mnene wa E ya chini, ulichelewa milisekunde 57. Uzi wa kwanza, E ya juu, 39. Nikateremsha bafa hadi 64 na kupima upya. Uzi mnene 37, uzi mwembamba 19. Milisekunde 20 zimeondoka bila kununua chochote! Nilijipongeza. Kisha nikaangalia zile namba tena. Mwanzoni tofauti kati ya uzi na uzi ilikuwa 18. Sasa bado ni 18. Nilikuwa nimebana kila kitu kilichobanika ndani ya kompyuta, na hizo 18 hazikutikisika.

Hazikutikisika kwa sababu hazimo ndani ya kompyuta. Zimo kwenye uzi.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Uzi wa E ya chini unatetemeka mara 82.4 kwa sekunde, kwa hivyo mtetemo mmoja unachukua milisekunde 12.1. Programu inatafuta kujua wimbi linajirudia baada ya muda gani, na huwezi kujua kitu kinajirudia lini kabla hakijajirudia. Kwa kawaida inahitaji kuona karibu mitetemo miwili, yaani milisekunde 24. Uzi wa E ya juu unatetemeka mara 329.6, mitetemo yake miwili inaisha ndani ya milisekunde 6. Toa 6 kwenye 24. Unapata 18. Uniletee kompyuta yoyote unayotaka, hata ile ya kurushia roketi, nayo itakaa pale ikingoja uzi umalize mzunguko wake kama sisi tunavyongoja matatu ijae.

Na kabla uzi haujatulia kuna ule mkwaruzo wa piki, milisekunde chache za kelele tupu ambazo hazina noti. Hizo nazo hupita bure.

Kuna watakaosema tatizo ni mbinu ya hesabu. Ni kweli mbinu zinatofautiana. Ukitumia FFT peke yake, kutenganisha E ya chini na F iliyo jirani yake, ambazo zimeachana kwa hezi 4.9 tu, kunahitaji kama milisekunde 200 za sauti. Hiyo haifai kabisa. Ndiyo maana watu hutumia mbinu zinazolinganisha wimbi na nakala yake iliyosogezwa, kama ile ya YIN iliyoandikwa na Alain de Cheveigné na Hideki Kawahara mwaka wa 2002. Siku hizi kuna pia mitandao ya neva inayojaribu kutambua noti kutokana na umbo la mwanzo wake. Zinasaidia. Lakini anayejibu kabla ya swali kuisha anabahatisha, na akikosea unasikia noti iliyoruka oktava nzima, au noti ambayo hukuipiga kabisa. Kwangu mimi, afadhali noti iliyochelewa kuliko noti ya uongo. Iliyochelewa naweza kuirudisha nyuma. Ya uongo sina la kuifanya ila kuifuta.

Watengenezaji wa vyombo wamelijua jambo hili zamani. Roland walitoa GR-500 mwaka wa 1977, na tangu hapo wamekuwa wakiboresha pikapu zenye sehemu sita, kila uzi na njia yake. Hiyo inaondoa fujo ya nyuzi kuchanganyikana, lakini haifanyi uzi mnene utetemeke haraka. Miaka ya 1980 SynthAxe ilikwepa swali lenyewe: shingo yake ilihisi kwa umeme uzi umegusa freti gani, hivyo haikuhitaji kungoja mtetemo wowote. Allan Holdsworth aliitumia kwenye Atavachron ya mwaka wa 1986. Bei yake haikuwa ya watu kama Mjomba.

Sasa, kitu kinachoniudhi zaidi ya kuchelewa kwenyewe ni kwamba kuchelewa huku si sawa kwa nyuzi zote. Fikiria unapiga kodi (ya gitaa, si ile ya KRA) ukishuka na piki kutoka uzi mnene kwenda mwembamba. Mkono umegusa uzi mnene kwanza. Upande wa MIDI, uzi mwembamba ndio unatangulia kutoka, mnene unafuata nyuma. Kodi imepinduliwa! Sikio linasema kuna kitu hakiko sawa, na mpigaji anaanza kuushuku mkono wake. Ingekuwa kuchelewa kwa kiasi kimoja, mwili ungezoea. Mjomba aliwahi kupiga jukwaani akiwa mita nne kutoka kwa spika ya besi. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hivyo besi ilimfikia ikiwa imechelewa karibu milisekunde 12 usiku kucha, na hakuwahi kulalamika. Aliizoea kwa sababu haikuwa ikibadilika kutoka noti hadi noti.

Nifanye nini basi? Kuna mambo madogo ambayo nitayapitia mbio. Usitumie spika wala vipokea sauti vya Bluetooth. Hivyo peke yake vinaweza kuongeza milisekunde 100 na zaidi. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO, kwenye Linux tumia JACK. Teremsha bafa hadi sauti ianze kukatika, kisha panda hatua moja. Sisi wa Linux tulipata zawadi mwaka wa 2024, PREEMPT_RT ilipoingizwa rasmi kwenye kerneli 6.12 baada ya kungojewa miaka mingi, na sasa bafa ya 64 inavumilika kwenye mashine ya kawaida. Ukimaliza hapo, kompyuta haina kingine cha kukupa. Acha kununua.

Kazi iliyobaki iko kwenye gitaa. Kama uzi mnene ndio unaochelewa, usiupige. Sisemi kwa utani. Mjomba alikuwa akipiga besi kwenye nyuzi nene kwa sababu ndiko besi inakokaa, na kompyuta ikishusha oktava moja. Nikahamisha kazi yote kwenye nyuzi za juu na kuiambia kompyuta ishushe oktava mbili. Freti ya pili ya uzi wa nne ni E yenye mitetemo 164.8, ukiishusha oktava mbili unapata 41.2, ambayo ndiyo noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne. Mitetemo yake miwili ni milisekunde 12 badala ya 24. Jumla ikashuka kutoka 37 hadi 25. Kutoka 57 hadi 25, kompyuta ile ile, kadi ya sauti ile ile.

Kwa kurekodi kuna zaidi. Kwa kuwa najua kila noti imechelewa kwa sababu gani, najua pia imechelewa kiasi gani: kiasi kisichobadilika cha kadi na bafa, ukiongeza mbili gawanya kwa mitetemo ya noti. Niliandika skripti fupi ya Python inayosoma faili la MIDI na kuirudisha kila noti nyuma kwa kiasi chake. Mara ya kwanza niliiharibu. Niliitumia noti iliyoshushwa badala ya noti iliyopigwa kwenye uzi, kwa hivyo skripti ikadhani kila noti ilichelewa kuliko ilivyochelewa kweli na kuivuta nyuma kupita kiasi. Mjomba akasikiliza akasema, "Sasa besi inanikimbia." Hesabu lazima ifuate uzi ulioguswa.

Na kwa wanaopiga kodi moja kwa moja bila kurekodi, nina pendekezo ambalo litawakera wengi: ongeza ucheleweshaji. Zishikilie noti za nyuzi nyembamba kidogo mpaka zilingane na uzi mnene. Kwa sauti inayopanda polepole, kama fidla au ogani, milisekunde 37 zilizo sawa kwa nyuzi zote zinasikika vizuri kuliko mchanganyiko wa 19 na 37. Kwa sauti kali kama piano au marimba haitafaa. Huko rudi kwenye nyuzi za juu. Na kama hujali kusikia sauti mpya wakati unapiga, rekodi gitaa peke yake na uligeuze baadaye. Basic Pitch, ambayo Spotify waliitoa bure mwaka wa 2022, inafanya kazi hiyo kwenye faili lililokwisha kurekodiwa, kwa hivyo ina muda wote inaoutaka.

Ninachowaomba wenzangu ni kidogo. Mkiandika kwenye ukurasa wa programu yenu kwamba haichelewi, andikeni namba mbili: ya uzi wa kwanza na ya uzi wa sita, na bafa mliyopimia. Mpigaji akiona uzi wa sita una 37 atajua la kufanya. Akiona "haichelewi" kisha akasikia inachelewa, atajitazama vidole.

Nilimpigia Mjomba simu, akaja na gitaa. Alipiga kwenye uzi wa tatu na wa nne, besi ikatoka, akafika mwisho wa wimbo bila kusimama. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Kwa hivyo siku ile hukujua?" Nikamwambia sikujua. "Lakini uliniambia nipige polepole." Ndiyo, Mjomba, nilisema hivyo.

Tumemaliza nyimbo nne. Sasa anataka tupate ngoma, apige kwa kugonga nyuzi alizozizima kwa kiganja. Nimemwambia hiyo ni rahisi, kwa sababu hakuna noti ya kutafuta. Programu inasikia kishindo na kutuma. Nimeshapima. Milisekunde 12.