Kipimo cha damu kisiwe hukumu kwa wagonjwa wa Ukimwi

MGONJWA anayetumia dawa za kupunguza makali ya Ukimwi (ARV) huko Likoni, Kisauni au Changamwe anaweza kumwambia muuguzi kwamba hajaruka hata tembe moja. Anaweza pia kuhesabiwa tembe zilizosalia chupani. Hata hivyo, neno la mwisho siku hizi hutolewa na damu yake, ambayo hupelekwa maabara kupimwa wingi wa virusi.

Utaratibu huo una msingi imara. Mwaka 2013, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kipimo hicho kitangulizwe katika kufuatilia matibabu, kwa kuwa idadi ya chembe za CD4 huweza kuchelewa kushuka hata dawa zinapokuwa zimeshindwa. Isitoshe, mtu anaweza kumeza dawa siku mbili tatu kabla ya kliniki ili aonekane mtiifu, lakini virusi vilivyozaliana kwa majuma mengi havifichiki kwa siku chache.

Tatizo huanza pale matokeo yanapochukuliwa kuwa ushahidi wa ukaidi. Kipimo hiki hakipimi dawa iliyomo mwilini, bali huhesabu virusi. Idadi inapozidi 1,000 katika mililita moja ya damu, ujumbe wake ni kwamba dawa hazifanyi kazi ipasavyo. Hakielezi ni kwa nini.

Na sababu ni nyingi. Huenda mgonjwa ameacha kumeza dawa. Huenda pia virusi vimekuwa sugu. Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini hupungukiwa na dolutegravir mwilini, ndiposa kipimo cha dawa hiyo huongezwa kuwa mara mbili kwa siku. Mama mjamzito anayemeza dolutegravir pamoja na tembe za madini ya chuma kabla ya kula huweza kupatwa na hali kama hiyo. Wote hawa wanaweza kuwa waaminifu kwa dawa zao na bado wakalaumiwa.

Vipo vipimo vinavyoonyesha dawa yenyewe. Tone la damu lililokaushwa juu ya karatasi, kwa mfano, linaweza kuonyesha jinsi mtu alivyotumia tenofovir kwa majuma yaliyopita. Lakini vipimo hivyo hutumika zaidi katika utafiti kuliko katika kliniki za kawaida.

Mombasa yenyewe imewahi kutoa funzo kuhusu jambo hili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na kuwahusisha wagonjwa 234, baadhi yao walihudhuria kituo cha afya mara mbili kwa juma, kwa majuma 24, wakimeza dawa mbele ya muuguzi na kupewa ushauri. Kwa muda huo walizingatia dawa vyema kuliko wenzao. Usimamizi ulipokoma, tofauti hiyo ilitoweka, na baadaye kiwango cha kudhibiti virusi hakikutofautiana baina ya makundi hayo mawili. Kumchunga mgonjwa kulisaidia kwa muda tu.

Aidha, kuna makosa yasiyo ya mgonjwa kabisa. Mapema mwaka 2021, shehena ya ARV zilizotolewa na Marekani ilikwama katika bandari ya Mombasa kutokana na mvutano kuhusu ushuru na usambazaji. Waliozoea kupewa dawa za miezi kadhaa wakapunguziwa. Bandari hiyo iko baina ya Likoni na Changamwe, lakini dawa hazikuwafikia waliokuwa wakizihitaji. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya kigeni, huduma za Ukimwi nchini zilitikisika tena.

Kwa kibarua wa Changamwe anayeomba ruhusa kazini, au mkazi wa Likoni anayelipa nauli kwenda kliniki kila mara, dawa za siku chache humaanisha safari nyingi na ujira uliopotea. Akikosa safari moja, damu yake ndiyo itakayomshtaki.

Ndiyo maana mwongozo wa WHO ulitaka anayepatikana na virusi vingi asaidiwe kwanza kwa ushauri, kisha apimwe tena kabla ya kubadilishiwa dawa. Ushauri huo hauna budi kuanza kwa maswali: dawa zilipatikana? Anatumia dawa nyingine zipi? Nyumbani wanajua hali yake? Anayekaripiwa huenda asirudi, na asiporudi atakosa nafasi ya kufikia hali ambapo virusi havionekani katika damu na hawezi kumwambukiza mwenzake kwa ngono. Hasara hiyo haitakuwa yake peke yake.