Acheni Kununua Megabiti, Pimeni Kwanza Hewa Yenu!

Wasomaji wangu, leo naandika nikiwa na hasira kidogo, mniwie radhi. Kila mara programu niliyoiandika inapokwama kwa mteja, simu ya kwanza hunijia mimi: "Sistimu yako imelala tena!" Ya pili huenda kwa kampuni inayowauzia intaneti. Ya tatu ni ya kumwomba mhasibu pesa za kupandisha kifurushi kutoka megabiti 50 hadi 100. Hakuna anayempigia yule aliyebandika vile visahani vyeupe kwenye dari, vile mafundi huviita aksesi pointi, akavipachika popote alipopata pa kugonga skrubu, akaviwasha vyote kwa nguvu za mwisho, akachukua chake na kwenda zake.

Basi nasema wazi: ofisi nyingi nilizoingia hapa Nairobi zikilia kwamba intaneti ni kobe hazina shida yoyote ya intaneti. Shida yao iko hewani, ndani ya kuta zao wenyewe, na hakuna kifurushi kitakachoiondoa.

Tabia hii najua tulikoitoa. Kabla ya 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kufika nje. Ujumbe ulipanda kilomita 36,000 angani, ukashuka upande wa pili, na jibu likarudi kwa safari ile ile. Zaidi ya nusu sekunde imekwenda kabla hujaona herufi moja. Wakati huo mtu akisema "tuongeze laini" alikuwa na haki. Lakini Julai 2009 kebo ya SEACOM ikaanza kazi Mombasa, TEAMS ikafuata mwaka huo huo, EASSy mwaka uliofuata. Barabara ya kwenda nje ikapanuka. Sisi tukabaki na dawa ile ile ya zamani: ikiwa polepole, nunua zaidi.

Haya, tuingie ndani. Mashine iliyochomekwa kwenye swichi kwa kebo ina njia yake peke yake, inasema na kusikia kwa wakati mmoja. Wi-Fi ni baraza. Akisema mmoja, wote walio kwenye chaneli hiyo wananyamaza, na nikisema wote namaanisha hata vifaa vya yule wakili wa ghorofa ya juu ambaye hamjawahi kusalimiana. Kifaa husikiliza kwanza. Kikisikia mwingine anaongea, kinasubiri. Kwa hiyo kinachogawanywa ni muda wa kuongea. Ukiisha umeisha, hata kama nyuma ya rauta una laini ya gigabiti nzima.

Sasa angalia bendi ya 2.4. Fundi akifungua menyu anaona chaneli 13 na kufurahi kama aliyepewa viwanja 13. Chaneli hizo zimeachana kwa megahezi 5 tu, na kila mtandao unakalia megahezi 20. Zisizokanyagana ni tatu: 1, 6 na 11. Kwa hiyo kisahani cha nne katika ukumbi ule ule hakijaongeza njia yoyote, kimeongeza msemaji katika baraza lililojaa. Ndiyo maana unaweza kununua vifaa vipya na hali ikawa mbaya kuliko jana.

Halafu kuna ugonjwa wa majina. Ofisi moja ina mtandao wa Wafanyakazi, wa Wageni, wa Bosi, wa Printa, wa Kamera, na mmoja unaoitwa "Test" ambao hakuna anayekumbuka aliuwasha nani. Kila jina, kwenye kila kisahani, hujitangaza takriban mara 10 kwa sekunde. Matangazo hayo husomwa kwa spidi ya chini kabisa iliyoruhusiwa, na kwenye 2.4 mafundi wengi huacha megabiti 1, spidi ya mwaka 1997! Tangazo la baiti 300 kwa spidi hiyo linakula kama milisekunde 2.5. Mara kumi ni 25, yaani asilimia 2.5 ya kila sekunde. Majina sita kwenye visahani vinne vinavyosikiana katika chaneli moja ni matangazo ya watu 24. Piga hesabu mwenyewe. Asilimia 60 ya hewa imeliwa na kujitangaza, kabla mtu yeyote hajafungua barua pepe.

Dawa yake haina bei. Bakiza majina mawili au matatu, zima spidi za kale, anzia megabiti 12. (Angalia tu kwanza kama kuna mizani au skana ya zamani ghalani inayozitegemea.)

Mnaweza kusema haya ni mambo ya mafundi kuchokozana. Kuna hospitali moja ya binafsi, jina nalihifadhi, ambapo manesi huandika dozi kwenye tableti. Nesi anatoka mapokezi, anafika wodi ya mwisho, anaandika kwamba mgonjwa ameshapewa dawa, kiduara kinazunguka. Zamu inabadilika. Anayeingia anafungua skrini na haoni dozi yoyote. Mungu saidia alimuuliza mwenzake kabla hajaondoka. Uongozi ukaja juu: programu ni mbovu. Kisha wakaongeza kifurushi maradufu. Hali ikabaki vile vile.

Nikasimama kwenye korido ile na laptopu yangu nikapiga ping. Nilipiga rauta ya hapo hapo jengoni, sikwenda Google. Majibu yalitoka milisekunde 4, yakaruka 900, yakapotea kabisa. Ujumbe ulikuwa haujavuka hata lango la hospitali! Hizo megabiti za ziada zingemsaidia nani?

Sababu ilikuwa ni zile nguvu za mwisho. Kisahani cha mapokezi kilikuwa kikitangaza kwa miliwati 100, na tableti ya namna ile hujibu kwa kama robo yake. Umewahi kumwona mwanasiasa juu ya gari lenye vipaza sauti? Wewe unamsikia toka mtaa wa tatu. Ukimjibu, yeye hakusikii. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba anayeamua kuhama kisahani ni kifaa cha mtumiaji. Tableti iliyokuwa bado inasikia kelele za mapokezi iling'ang'ania huko huko, wakati kisahani kingine kiko juu ya kichwa cha nesi. Tukapunguza nguvu. Tukavitoa visahani koridoni, ambako vilikuwa vinatazamana na kusikiana kama watu kwenye bomba, tukaviingiza wodini. Tableti zikahamia bendi ya 5, kompyuta za mezani na printa zikarudi kwenye kebo. Dozi zikaanza kuonekana. Kile kifurushi cha ziada waliendelea kukilipia, mkataba ulikuwa wa mwaka.

Mafundi wataniambia mteja hataki kulipia upimaji. Ni kweli, na hapo nawapa pole. Mwenye mali analipia visahani kwa sababu anaweza kuvihesabu darini. Siku nzima ya mtu kutembea na laptopu na ramani ya jengo anaiona ni uzururaji. Lakini majengo yetu ni ya mawe na zege, na bendi ya 5 hupenya ukuta kwa shida kuliko ya 2.4. Kanuni uliyoisoma kwenye ukurasa wa Marekani, ambako ofisi nyingi hutenganishwa kwa mbao za jipsamu, itakuaibisha Industrial Area.

Na kabla sijasahau, ile ya "Wi-Fi imeshika lakini intaneti hakuna". Mara nyingi anwani zimekwisha. Mtandao wa kawaida una anwani 254, na seva ya Windows ikiachwa ilivyo humkodisha kila mgeni anwani kwa siku 8. Tangu Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020, simu hujipa kitambulisho tofauti kwa kila jina la mtandao, kwa hiyo simu moja iliyojaribu majina yenu matatu imehesabiwa kama simu tatu. Wageni wapewe saa mbili tatu, siku 8 ni za nini, wamehamia?

Kwa wakubwa wanaotia sahihi: kabla ya kulipa nyongeza, mwambieni fundi wenu aje Jumatatu saa tano asubuhi, ofisi ikiwa imejaa, apige ping rauta ya ndani kupitia Wi-Fi kwa dakika kumi, kisha arudie kwa kebo. Ya kebo ikiwa safi na ya Wi-Fi ikirukaruka, hiyo ankara ya megabiti 100 irudisheni ilikotoka. Na mimi msinipigie simu kwanza.