Formasyo ziko mingi, hatari iko palepale



Mtu akitaka kujua ni formasyo ngapi juu ya ubakaji zinafanyika Beni wiki hii, aende tu kuangalia banderoli kwenye mahoteli. Inatundikwa siku ya kwanza, watu wanapigwa picha chini yake, kunakuwa sukre na sambusa saa nne, siku ya mwisho perdiemu inatoka na banderoli inashushwa. Kisha inakuja nyingine, ya ONG nyingine, na kwenye viti unaona karibu watu wale wale.

Hatudharau kila kitu. Kwa ajili ya formasyo hizo, waganga wengi wa vituo vya afya leo wanajua kama dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inapashwa kuanzwa mbele ya saa 72 kupita, na kama mama aliyebakwa anatibiwa kwanza, karatasi za polisi zitakuja nyuma. Lakini angalieni vizuri: karibu kila kitu kinachofundishwa mule kinaanza wakati ubaya umekwisha kutendeka. Namna ya kumpokea. Wapi pa kumpeleka. Sheria ya mwaka 2006 inasema nini. Na mbele ya pale? Nani alifundishwa kuona kama jambo hili linakuja? Nani alipewa kazi ya kulizuia, na nani atajibu kama hakulizuia?

Formasyo hiyo ndiyo tunaitaka. Na tunaitaka kwa watu wenye uwezo wa kuamua, si kwa vijana wanaotumwa kujaza viti.

Sisi wa Beni hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Ebola ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa 8, 2018, ikianzia Mangina, na ikatangazwa kuisha tarehe 25 mwezi wa 6, 2020. Ndugu zetu zaidi ya 2,200 walikufa. Katika muda ule magari na dola viliingia hapa kwa wingi ambao hatujauona tena. Mwezi wa 9, 2020, The New Humanitarian pamoja na Thomson Reuters Foundation wakachapisha ushuhuda wa wanawake 51 waliosema kwamba watu wa «riposte» waliwaomba ngono ili wapate kazi. OMS ikaunda tume huru, iliyoongozwa na Aïchatou Mindaoudou wa Niger na mama yetu Julienne Lusenge. Ripoti ilitoka tarehe 28 mwezi wa 9, 2021: watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na OMS. Tume iliandika waziwazi kwamba nguvu karibu zote ziliwekwa katika kumaliza ugonjwa, na hatari hii nyingine haikutayarishiwa.

Je, ilikuwa imejificha? Hapana. Wakubwa wengi walikuwa wanaume, wametoka mbali, wanalala hoteli, wana feza mukononi. Kazi zilipatikana kwa kujuana, bila tangazo ukutani. Na upande wa pili wasichana na wamama ambao vita ilikwisha kuwanyang'anya mashamba, na ugonjwa ukawamalizia biashara ndogo. Muuza mkaa wa sokoni angeweza kukwambia kitu gani kitafuata. Ila hakuna aliyemuuliza, na wale waliopashwa kuuliza walikuwa wanahesabu wagonjwa.

Kisha mwezi wa 11, 2023, shirika la habari la Associated Press likaandika kwamba OMS ililipa dola 250 kwa kila mmoja wa wanawake wasiopungua 104, na kwamba ili mtu apate feza hizo alipashwa kwanza kufwata mafunzo ya namna ya kuanzisha kabiashara. Someni tena. Wanaume ndio walifanya, mashirika ndiyo hayakuona, na aliyetumwa kwenye formasyo ni mama aliyetendewa.

Watu wa semina wanapenda kusema «kupima hatari» kama vile ni kitu cha madaktari wa Ulaya. Haiko ngumu namna hiyo. Unauliza nani ana nguvu hapa, nani ana haja ya kitu gani kutoka kwake, wanakutania fasi gani bila shahidi, na yule mdogo akikataa atapoteza nini. Ukiweka maulizo hayo juu ya kazi za Ebola, jibu linatoka palepale. Weka juu ya iniversite: profesa ana alama, mwanafunzi ana deni la minerval, wanakutania ofisini saa ya jioni, na akikataa anarudia mwaka. Wanafunzi wenyewe wamekwisha kupima zamani. Alama hizo wanaziita kwa mzaha «alama zinazoambukiza kwa ngono». Watu wakifikia kucheka hatari kwa jina lake, serikali haiwezi tena kusema haikujua.

Weka juu ya barriere ya njiani, fasi askari ambaye mshahara wake umechelewa anasimamisha wamama wanaotoka shamba na mfuko wa kakao. Weka juu ya kambi. Mwaka 2023 Médecins Sans Frontières walitibu watu zaidi ya 25,000 waliofanyiwa ukatili wa kingono katika Kongo, wengi wao kwenye makambi ya wakimbizi pembeni ya Goma. Wengi walishambuliwa walipotoka kutafuta kuni, maji ao chakula. Ni kusema, hatari ilikuwa na njia yake, na saa yake. Ukijua njia na saa, unaweza kufanya kitu: kuleta kuni kambini, kuleta bomba karibu, kutuma doria inayosindikiza, na kuangalia kwanza hiyo doria yenyewe ni ya nani, juu mara nyingine wamama wanaogopa msindikizaji kuliko pori.

Wamama wanajua haya yote. Mama anayelima nje ya mji anajua asitoke mbele ya saa moja na nusu, arudi mbele ya saa tisa, ni njia gani haipitiki wakati wa mavuno kwa sababu kila mtu anajua kuna feza, na ni mtaa gani taa ilikufa na haikurudishwa. Anapima hatari kila asubuhi mbele ya kufunga mtoto mgongoni. Kitu hana ni uwezo wa kuamuru taa iwashwe. Na yule mwenye uwezo huo yuko hotelini anafundishwa maana ya neno «ukatili».

Kuna upande mwingine ambao karibu hakuna anayeugusa: mtu ambaye tayari alibaka, na tunamjua.

Sheria namba 06/019 ya tarehe 20 mwezi wa 7, 2006 inasema uchunguzi wa awali ufanyike katika mwezi mmoja, na hukumu itoke katika miezi mitatu. Tuseme, kwa bahati, imefwatwa. Mama amesimama mbele ya tribinali, amesema jina, mtu amehukumiwa, amepelekwa Kangbayi. Kisha mwezi wa 6, 2017 gereza linashambuliwa na wafungwa zaidi ya 900 wanatoroka. Tarehe 20 mwezi wa 10, 2020 linashambuliwa tena, wanatoka zaidi ya 1,300. Katika wingi huo walikuwamo waliohukumiwa kwa ubakaji. Siku ile nani alichukua simu kuita wale wamama na wasichana waliotoa ushuhuda? Nani alikuwa na orodha yao, fasi wanakaa, na fasi ya kuwaficha usiku mmoja? Hata bila shambulio, mtu anaachiliwa kwa ruhusa ya muda, ao anamaliza kifungo, na mtoto aliyembaka anakutana naye kwenye bomba la maji. Hiyo ndiyo namna anavyojulishwa.

Katika nchi nyingine kuna watu wanaofundishwa kazi hiyo. Huko Kanada, mwaka 1997, wataalamu wanne walitoa mwongozo unaoitwa SVR-20, wenye mambo 20 ya kuangalia juu ya mtu aliyekwisha kufanya ukatili wa kingono: alifanya nini na mara ngapi, anakana ao anakubali, alitumia silaha ao vitisho, maisha yake yako namna gani, anapanga nini kwa mbele. Hautoi namba ya kichawi inayosema «huyu atarudilia, huyu hapana». Unamlazimisha afisa, munganga ao mwamuzi asiamue kwa sura ya mtu, ao kwa sababu ni mtoto wa fulani. Na ukimaliza unaandika: mtu huyu anaweza kumdhuru nani, katika hali gani, ni alama gani zitatuonya, nani atamfwata. Hatusemi tuchukue karatasi za Kanada tuzitumie hapa kama zilivyo. Zinaomba madosie kamili, na kwetu dosie inapotea kati ya kasho na parke. Lakini kuanza kuandika na kutunza dosie, hilo haliombi Kanada.

Tunajua jibu litakalotoka mitaani: basi tuweke majina na picha zao kwenye WhatsApp, vijana watamaliza. Tunalikataa kabisa. Tumekwisha kuona watu wakichomwa moto kwa jina lililokosewa. Na picha ikitembea, jina la msichana linatembea pamoja nayo. Anayepashwa kujulishwa kwanza ni yule aliyeshitaki, pamoja na jamaa yake, na polisi ya mtaa wake. Si mji muzima.

Wakubwa nao watatuambia: hapa kuna ADF, kuna vita, jimbo liko chini ya eta de sieje tangu mwezi wa 5, 2021, hatuna muda wa mambo ya semina. Ni kweli kuna vita. Tunazika watu wetu. Lakini vita haifanyi hatari isipimike. Tarehe 2 mwezi wa 9, 2024, katika gereza la Makala, Kinshasa, katika jaribio la kutoroka, wanawake wafungwa walibakwa. Nchi nzima ilisikia. Kila mkuu wa gereza katika Kongo alipashwa kujiuliza kesho yake: kwangu, milango ikivunjika, wanawake watatokea wapi? Miezi mitano haikutimia, tarehe 27 mwezi wa 1, 2025, Munzenze ya Goma ikafunguka. Umoja wa Mataifa ulisema wanawake wasiopungua 165 walibakwa na wafungwa waliokuwa wanatoroka, na wengi wao wakafa katika moto. Kati ya Makala na Munzenze kulikuwa muda wa kujenga ukuta, kutoboa mlango wa pembeni, kuhamisha wamama wenye makosa madogo. Hakuna aliyeandikiwa kazi hiyo kwa jina lake. Njo maana hakuna aliyejibu.

Kwa hiyo, kwa wale wanaotoa feza na wale wanaozipokea, tunaomba hivi. Muache kualika mtu asiyeweza kuamua kitu. Kamanda wa polisi aje mwenyewe, mkuu wa gereza aje, mkuu wa shule, mwenye kuajiri wa ONG, mwenye kazi ya maji. Akituma msaidizi, kiti kibakie wazi na iandikwe hivyo. Wamama wa shamba, wa soko na wa kambi waje kama wafundishaji, na wapewe perdiemu ile ile ya mtaalamu aliyetoka Kinshasa. Wasiulizwe nani alibakwa. Waulizwe fasi, saa na namna. Siku ya mwisho, mbele ya picha, kila mkubwa aache karatasi moja: hatari gani ameona katika kazi yake, atafanya nini, lini, na saini. Feza ya taa, ya mlango na ya bomba iwe katika bajeti ile ile ya semina. Kama feza haitoshi kwa vyote viwili, basi sambusa zikatwe.

Kwa parke na oditora ya jeshi: mfungue daftari ya walioshitaki na mashahidi wa kesi za ubakaji, ifungwe kwa ufunguo, na kuwe afisa mmoja, kama inawezekana mwanamke, mwenye kazi ya kuwaita mbele mtu hajaachiliwa, na siku ile ile kama ametoroka. Daftari na simu. Haiombi mfadhili.

Na kwa mashirika yaliyoko mjini leo kwa ugonjwa, kwa chakula ao kwa wakimbizi: tangazo la kila kazi lipigwe ukutani, hata ya siku moja, hata ya kufagia. Mtu mmoja asiajiri peke yake. Namba ya kulalamikia isiwe ya bosi yule yule anayelalamikiwa.

Sisi, nyuma ya miezi mitatu ya kila formasyo itakayofanyika hapa, tutaenda kuomba karatasi zile zenye saini. Tutabisha kwenye kila ofisi, kwa amani, na tutachapisha hapa ni nani alitufungulia na ni nani hakutufungulia.