Gari la Kuchezea si Upuuzi

Ndugu wanafunzi, nanyi wanafunzi wa zamani mnaolisoma gazeti letu mkiwa makazini,

Naomba nafasi katika sehemu hii ya Kiswahili niseme jambo ambalo limenisumbua tangu muhula uliopita. Kiswahili si lugha niliyonyonya kwa mama, kwa hiyo mkiona kosa nisameheni. Lakini jambo hili naliandika kwa Kiswahili makusudi, maana ndiyo lugha ya madereva wa malori na mafundi wa njiani, na habari yangu inawahusu wao kama inavyotuhusu sisi tulio darasani.

Katika kanuni za mabweni yetu imo moja isemayo kwamba mwanafunzi asilete shuleni vitu vya kuchezea watoto. Mimi ni kiranja, na kanuni hiyo nimeishika bila huruma. Leo nataka kusema kwamba kanuni hiyo, jinsi tunavyoitumia, ni mbaya, na yafaa igeuzwe. Sisemi hivyo kwa kupenda kubishana. Nasema kwa kuwa nimekosa.

Usiku mmoja, saa ya masomo ya jioni, nilisikia mvumo kama wa nyuki chini ya dawati la mtoto wa Kidato cha Kwanza. Nikainama, nikatoa gari. Bodi yake ilikatwa katika debe la mafuta ya kupikia. Magurudumu yalikuwa ya ndara iliyochakaa, na mihimili ilikuwa njiti za mwavuli. Mota ilitoka katika mashine ya sinema za sahani iliyokufa, na betri zilikuwa mbili za tochi. Mtoto yule alisimama, akasema kwa adabu, "Kaka, lichukue, lakini tafadhali usilivunje. Mota nimeiazima." Wenzangu wawili wa Kidato cha Sita walikuwa mlangoni wakicheka, nami nikaona nikilichukua kwa upole nitaonekana dhaifu. Nikaliweka sakafuni, nikalikanyaga. Darasa zima lilinyamaza. Nikachukua na daftari alimolichora, nikalitia sandukuni mwangu liwe ushahidi.

Wiki mbili baadaye tulifanya mtihani wa majaribio wa fizikia. Swali moja lilikuwa juu ya gurudumu dogo linalozungusha gurudumu kubwa kwa ukanda: je, kasi inakuwaje, na nguvu ya kuzungusha inakuwaje? Kanuni zote nilikuwa nimezikariri, lakini nilizichanganya, nikaandika kwamba vyote viwili vinapungua. Mwalimu alipiga mstari mwekundu kutoka juu hata chini. Siku ile ile, nikitafuta kalamu, nikalifungua lile daftari. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mchoro wa gari, na chini yake mtoto ameandika: "Likikimbia halina nguvu. Likiwa na nguvu halikimbii. Chagua kwa kupima." Hilo ndilo jibu nililolikosa, limeandikwa na mtoto wa miaka kumi na mitatu ambaye hajafundishwa somo lile.

Tazameni alivyolipata. Mota ndogo ya betri huzunguka upesi mno. Tuseme inazunguka mara 6,000 kwa dakika, na gurudumu la gari lina mzingo wa sentimita 10. Ukilifunga gurudumu moja kwa moja katika mota, hesabu inasema gari litakwenda mita 600 kwa dakika, yaani kilomita 36 kwa saa. Hesabu ni nzuri, ila gari halitaondoka. Mota itanguruma, itapata moto, na kusimama, maana nguvu yake ya kuzungusha ni ndogo kuliko uzito inaotakiwa kuusukuma. Mtoto yule aliivika mota kipande cha mrija wa wino wa kalamu, wenye upana wa milimita 3 hivi. Katika mhimili akafunga vizibo viwili vya soda, migongo yao ikitazamana, vikafanya mfereji wenye upana karibu mara tisa au kumi ya ule mrija. Kati yake akapitisha mpira wa kufungia karatasi. Kasi ikapungua mara kumi: badala ya mita 600, mita 60 kwa dakika, mwendo wa mtu anayetembea polepole. Nguvu ya kuzungusha nayo ikaongezeka karibu mara kumi, ukitoa ile inayopotea kwa msuguano. Gari likaondoka. Dereva wa lori lililojaa matoke afanya jambo hilo hilo anapoutazama mlima na kurudisha gia ya kwanza.

Hata viwanda vikubwa havijapita sheria hiyo. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilianza mwaka 1982 kuuza magari madogo yaitwayo Mini 4WD, ambayo mota moja huendesha magurudumu yote manne. Mnunuzi huliunda mwenyewe, naye huchagua gia. Akitaka mbio huweka gia ambayo mota huzunguka mara tatu na nusu gurudumu likizunguka mara moja. Akitaka nguvu huweka ya mara tano. Kijana wa Japani na mtoto wetu wa vizibo vya soda wanafanya hesabu moja.

Tena si kila gari la kuchezea lahitaji betri. Mwishoni mwa karne ya 19, katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, Marekani, walitengeneza magari yenye gurudumu zito la chuma lililofichwa tumboni. Mtoto alilisukuma gari sakafuni mara mbili tatu, na magurudumu, kwa njia ya gia, yakalizungusha lile zito kwa kasi kubwa. Alipoliachilia, gurudumu zito lilirudisha kazi liliyopewa, gari likakimbia lenyewe. Hapa pana somo zuri: ukizidisha kasi ya gurudumu hilo mara mbili, kazi inayowekwa ndani yake haiwi mara mbili bali mara nne; ukizidisha mara tatu, ni mara tisa. Ndiyo maana mtengenezaji hakuridhika na uzito tu, akatafuta gia ya kuongeza kasi.

Liko na lile ambalo wengi wetu tulilichezea utotoni, la kuvuta nyuma na kuachilia. Nani kati yetu alijiuliza kwa nini ukilivuta sentimita 20 lakimbia mita kadhaa? Ndani yake umo utepe wa chuma uliosokotwa, ile kamani iliyomo katika saa. Ukivuta nyuma, magurudumu huisokota kamani kwa njia ya gia moja. Ukiachilia, kamani husukuma magurudumu kwa njia ya gia nyingine. Gia ya kwanza imepangwa ili magurudumu yazunguke mara chache tu na kamani iwe imesokotwa. Ya pili imepangwa ili kamani ikijifungua kidogo, magurudumu yazunguke mara nyingi. Kamani ikiisha, gia moja ndogo iliyo katika tundu refu husogea na kuachana na nyingine, gari likateleza bila kuzuiwa. Mwingereza mmoja, Fred Francis, aliuza tangu 1952 magari ya kamani yasiyo na ufunguo, ambayo mtoto aliyatia nguvu kwa kuyavuta nyuma. Baadaye aliyatia mota za umeme, na mwaka 1957 yakatoka kwa jina la Scalextric, ambalo mpaka leo linajulikana.

Lakini linalonishangaza kuliko yote ni gari la kampuni ya Schuco, ya Nuremberg, Ujerumani, lililotoka katika miaka ya 1930. Liliwekwa juu ya meza, likakimbia mpaka ukingoni, na badala ya kuanguka likageuka na kurudi. Halikuwa na jicho wala umeme. Chini ya pua yake walificha gurudumu la tano, limekaa kingamo, lisiloigusa meza gari linapokwenda sawa. Pua ikipita ukingo, hushuka kidogo. Ikishuka, lile gurudumu la kingamo hugusa meza na kuivuta pua kando, hata gari limetazama lilikotoka. Maana yake, kule kuanza kuanguka ndiko kulikoliokoa. Mtu aliyebuni hilo alikaa akafikiri sana, na jambo alilofikiria lilikuwa mchezo wa mtoto.

Sasa mtaniuliza, haya yote yana faida gani kwa nchi? Mwaka 1878 mchungaji Milton Wright aliwaletea wanawe wawili chombo kidogo cha kuchezea kilichoruka kwa nguvu ya mpira uliosokotwa. Kilipovunjika walijaribu kuunda vingine. Watoto wale ni Wilbur na Orville, ambao mwaka 1903 walirusha ndege yenye injini, nao wenyewe walikikumbuka kile kichezeo. Najiuliza ingekuwaje kama nyumbani mwao angekuwako kiranja kama mimi.

Na hapa kwetu Uganda, mwaka 2011 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walionyesha gari la umeme la watu wawili, Kiira EV, na mwaka 2016 likaonekana basi la Kayoola lenye kusaidiwa na umeme wa jua. Sote tulisifu, na tunaendelea kusifu. Lakini betri, mota, kipimo cha kasi na nguvu, ni mambo yale yale yaliyokuwa chini ya dawati usiku ule. Twapenda matunda, na miche twaikanyaga.

Najua yatakayosemwa kunipinga. Wa kwanza atasema, gari huleta kelele na kumtoa mtoto katika masomo. Ni kweli, na mtoto yule alikosa kulichezea saa ya kusoma. Lakini mwanafunzi akipiga mpira darasani hatuufungi uwanja. Twamwambia kila jambo na wakati wake. Wa pili atasema, magari ya plastiki ya China yamejaa sokoni kwa bei rahisi, ya nini kuhangaika na mabati? Namjibu kwamba gari la kununua hufundisha siku linapovunjika tu, nalo la kuunda hufundisha kila siku. Wa tatu atasema kuna hatari. Huyu ana haki, na maneno yake yaandikwe katika kanuni: mtu asiguse umeme wa ukutani, na asitumie betri za simu, maana zikitobolewa au nyaya zake zikigusana zaweza kuwaka moto. Betri za tochi, mpira na gurudumu zito vyatosha.

Basi naleta mashauri matatu mbele ya Mwalimu Mkuu, viranja wenzangu na wanafunzi wa zamani.

Kwanza, kanuni ile isomeke kwamba kitu alichokiunda mwanafunzi kwa mikono yake si kitu cha kuchezea bali ni kazi, na kisichukuliwe ila kikitumiwa wakati usiofaa. Na kikichukuliwa, kirudishwe kizima mwisho wa juma.

Pili, karakana yetu, ambayo Jumamosi mchana hufungwa kwa kufuli, ifunguliwe kwa saa mbili. Nasi tuwe na mashindano mara moja kwa muhula, si ya mbio peke yake. Liwepo na shindano la kupanda ubao ulioinuliwa, na la kubeba mzigo, ili mtoto ajue kwamba gari lishindalo katika mbio laweza kushindwa mlimani, na aweze kusema kwa nini.

Tatu, ninyi ndugu zetu mliotutangulia, wenye gereji, ofisi na maduka, msitupe mashine zilizokufa. Katika mashine moja ya kuchapisha karatasi zimo mota, gia, mihimili na mikanda ya kutosha watoto kadhaa. Tuleteeni siku ya mkutano wenu. Najua mmoja wenu alipokuwa hapa aliunda malori ya waya. Sasa ana malori ya kweli barabarani, naye akija hutuambia tusome kwa bidii, wala hasemi alianzia wapi. Tafadhali tuambieni.

Imebaki habari ya yule mtoto. Nilimwendea, nikamrudishia daftari lake, nikamwomba radhi mbele ya darasa lile lile, maana nilimwaibisha mbele yake. Likizoni nilipata mota kutoka feni ndogo ya betri, nikampelekea alipe deni la ile aliyoiazima, na nyingine iwe yake. Aliipokea ya deni. Ya pili aliishika kidogo, akanirudishia, akasema, "Asante, kaka. Wewe sasa sikuogopi. Lakini viranja ni kumi na wawili."

Sikuwa na jibu, nami mpaka leo sina. Ile mota imo sandukuni mwangu, na mwisho wa mwaka huu naondoka. Msamaha wangu mimi mmoja haumtoshi mtoto yule; yampasa apate kanuni inayomlinda hata kiranja asiyemjua. Kwa hiyo nawaomba viranja wenzangu kumi na mmoja, kabla ya mkutano wetu ujao, kila mmoja achukue gari bovu la mdogo wake, alifungue, atazame ndani. Kisha tupige kura.