Ini lenye mafuta: Usikimbilie vidonge vya vitamini D

Umeambiwa ini lako lina mafuta na vitamini D iko chini. Je, ununue vidonge ili kutibu ini? Subiri kidogo.

Ni kweli wagonjwa wengi wa ini lenye mafuta wana upungufu huo. Lakini vitamini D hujificha kwenye mafuta ya mwili, hivyo mtu mnene huwa na kiwango kidogo kwenye damu. Tafiti zilizowapa wagonjwa vidonge hazijathibitisha kwamba ini hupona. Mwaka 2024, chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani, Endocrine Society, kilishauri hata watu wazima wanene wasipimwe vitamini D kama desturi.

Kinacholisaidia ini kinajulikana: kupunguza uzito. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo 6 hadi 9, ini hupata nafuu. Anza kwa kuacha soda na pombe, kisha tembea kila siku.

Daktari akikuandikia vidonge kwa ajili ya mifupa, fuata dozi. Vikizidi, kalsiamu hupanda na figo huumia. Mzazi, usimpe mtoto vidonge vya mtu mzima.