Neno la Mhariri: Kushuka Ndio Ngoma

Mwaka 2024 nyumba za Mwanza zenye mita za LUKU zilipandisha toleo jipya la mfumo kwa mikono ya wenyeji wake, na wengi wao hawakujua kwamba wameshika kazi ya mtaalamu wa programu. Mama aliyenunua umeme kwa wakala wa Igoma, au kijana aliyenunua kwa simu akiwa Buhongwa, alitumiwa makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya lile moja alilolizoea. Mawili ya mwanzo hayakuwa na uniti hata moja. Kazi yake ilikuwa kubadili ufunguo uliomo ndani ya mita. La tatu ndilo lililobeba umeme. Aliyeanza na la tatu, mita ilimkatalia. Aliyefuata mpangilio, umeme uliingia naye akaendelea na shughuli zake.

Chanzo cha yote kilikuwa uamuzi wa zamani. Mita hizi hufuata kiwango cha STS, kilichoanzia Afrika Kusini na sasa kinatumika katika nchi nyingi. Kila tokeni, yaani kundi la tarakimu lenye umeme, hubeba muda wa kutengenezwa kwake, na muda huo ulihesabiwa kwa dakika tangu Januari 1, 1993. Hesabu ilipewa nafasi ya biti 24 tu, yaani dakika 16,777,216, na dakika hizo zilikuwa zinakwisha Novemba 24, 2024. Baada ya hapo hesabu ingeanza upya. Mita hukumbuka tokeni zilizokwisha kuingizwa ili mtu asitumie moja mara mbili. Kwa hiyo kila tokeni mpya ingeonekana ya kale na kukataliwa. Waliopanga biti 24 hatuwalaumu, maana miaka inayokaribia 32 ni umri mrefu kwa programu yoyote. Kinachotuhusu ni namna watu walivyotoka humo.

Mita ya aina hii haihitaji intaneti, na huwezi kuiamuru kutoka makao makuu usiku wa manane ijibadilishe. Basi toleo lilipitishwa kwenye njia ambayo mteja anaipita siku zote, ile ya kununua umeme. Kila nyumba ilibadilika siku yake. Iliyokuwa bado, iliendelea na ufunguo wake wa zamani mpaka tarehe ya mwisho. Hata iliyopitwa na tarehe haikuwa imeharibika, kwani makundi mawili ya kubadili ufunguo yaliweza kuingizwa baadaye. Waliohamia na wasiohamia walihudumiwa kwa pamoja, bila yeyote kulazimika kumsubiri mwenzake.

Mwaka huohuo, Julai 19, kampuni ya CrowdStrike ya Marekani ilifanya kinyume chake. Ilisambaza faili moja ya maboresho kwa kompyuta za wateja wake duniani kote kwa mkupuo, na faili ile ilikuwa na kasoro. Kompyuta takriban milioni 8.5 za Windows zilizimika na kugoma kuwaka. Ndege zilibaki viwanjani, hospitali zikaahirisha matibabu. Kampuni iliiondoa faili ile baada ya dakika 78, lakini kwa kompyuta iliyokwisha kuipokea hilo halikusaidia kitu; nyingi zilisubiri fundi azifikie moja baada ya nyingine.

Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kurasa zinazofuata zinahusu safari ya msimbo kutoka kwenye kompyuta ya mwandishi wake hadi kwa mtumiaji, na hoja yetu ni hii: timu ya programu ipimwe kwa uwezo wake wa kurudisha mfumo ulipokuwa, si kwa kasi yake ya kupandisha vipya. Hapa ukanda wa ziwa kipimo hicho ni kikali kuliko kwingine, kwa sababu sehemu kubwa ya mfumo wetu haiko kwenye seva tunayoishika. Iko kwenye simu za watu walio Nansio, Ukara na Kome, simu ambazo leo zina mtandao na kesho hazina.

Hali ilivyo katika timu nyingi tunazozijua haifichiki. Nywila ya seva anayo mtu mmoja. Maboresho yanapanda Ijumaa jioni, wakati mteja ameshachoka kusubiri. Faili zinabadilishwa moja kwa moja kwenye seva ya kazi, kisha ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp: "Imepanda, cheki." Anayecheki ni mteja mwenyewe, na pesa anazochekia ni zake. Likitokea la kutokea, anatafutwa yule mwenye nywila, naye yuko kwenye basi kuelekea Bukoba.

Njia iliyo bora inafahamika, na hatutakaa sana hapo. Mabadiliko yanaandikwa kwenye tawi lake. Mwenzako anayasoma kabla hayajaungana na msimbo mkuu. Majaribio yanaendeshwa na mashine kila mara, bila kumtegemea mtu akumbuke. Kisha toleo linakwenda kwenye mazingira ya majaribio yanayofanana na ya kweli, halafu kwa watumiaji wachache, halafu kwa wote. Haya yamo vitabuni na yanafundishwa vyuoni. Yasiyofundishwa sana ni yanayotokea pale toleo la zamani linapokataa kufa.

Tuchukue mfano wa programu ya mnunuzi wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba. Mawakala wake wako visiwani, na kila mmoja anaandika kwenye simu idadi ya magunia aliyopokea. Baada ya muda tajiri anasema magunia hayalingani, anataka kilo. Mwandishi wa programu anafungua kanzidata, anaifuta safu ya magunia na kuweka ya kilo, anarekebisha aplikesheni, anajaribu ofisini na mambo yanakwenda vizuri. Anapandisha. Kule Bwisya wakala ana simu iliyojaa picha. Haina nafasi ya kupokea aplikesheni mpya, na bando lake ni la kuhesabu. Anaendelea na ile ya zamani na kutuma 14, akimaanisha magunia. Seva mpya inaandika kilo 14. Jioni simu inalia: "Kijana wangu, mzigo wangu umeliwa na nani?"

Hakuna mstari wa msimbo uliokosewa hapo kwa maana ya kawaida. Kilichokosewa ni dhana kwamba siku seva ilipobadilika, watu wote walibadilika nayo. Dawa yake ni ya hatua tatu, na kila hatua ni toleo linalojitegemea. Kwanza, safu ya kilo inaongezwa pembeni ya safu ya magunia, wala hakifutwi kitu. Seva inapokea lugha zote mbili na kila ujumbe unabeba namba ya toleo lililoutuma. Pili, aplikesheni mpya inasambazwa taratibu, huku timu ikihesabu kila siku ni simu ngapi bado zinatuma kwa mtindo wa zamani. Tatu, msimu mzima ukipita bila kuonekana hata simu moja ya zamani, ndipo safu ya magunia inaondolewa. Kabla ya hatua hiyo ya mwisho unaweza kurudi nyuma wakati wowote bila kupoteza rekodi ya mtu. Yule aliyefuta safu siku ya kwanza hana pa kurudi, isipokuwa ana nakala rudufu, na awe amewahi kuijaribu kuona kama inafunguka.

Aplikesheni za Android zina mtego wake. Duka la Google Play linakuruhusu kusambaza toleo kwa asilimia ndogo ya watumiaji kwanza, na ukiona mambo mabaya unasimamisha. Lakini aliyekwisha kulipokea huwezi kumrudisha kwenye la zamani. Inakubidi utengeneze jingine lenye namba kubwa zaidi, naye awe na bando la kulipakua. Ndiyo maana jambo jipya lifungiwe ndani ya aplikesheni likiwa limezimwa, na swichi yake iwe kwenye seva. Toleo likishafika simuni unawasha kwa mawakala watatu, kisha kwa kumi. Likisumbua, unazima swichi, na aliyeko Ukara hahitaji kupakua chochote.

Liko pia la mtandao kukatika katikati. Wakala aliye juu ya kivuko anabonyeza kutuma, duara linazunguka, anabonyeza tena. Rekodi moja inafika mara mbili, na kama ni malipo, pesa zinatoka mara mbili. Kila rekodi ipewe namba yake ya pekee ikiwa bado simuni, ili seva iitambue ikirudi mara ya pili na kujibu tu kwamba imeshapokelewa. Jaribio la jambo hili halihitaji maabara: chukua simu ya bei ya chini kabisa inayouzwa mjini, tuma rekodi, zima data kabla jibu halijarudi, washa, tuma tena. Timu ambayo haijawahi kufanya hivyo isiseme imejaribu programu yake.

Tunaongeza jambo ambalo vitabu vya ng'ambo havitatuambia, nalo ni kalenda. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukikaribia kuwa mpevu, taa hazivuti tena, wavuvi wanapumzika na kushona nyavu, na mialo inapoa. Giza likirudi na Mwaloni ukijaa, wanunuzi wa hapa na wa kutoka Congo, Rwanda na Burundi wanagombania mzigo. Dakika kumi za mfumo kuzimika zinamharibia mtu biashara ya wiki. Kwa timu inayohudumia biashara ya dagaa, siku za mbalamwezi ndizo siku za kupandisha toleo kubwa, tena asubuhi, wakati kila mtu wa timu yuko macho. Mwenye mfumo wa shule atazame siku za kufungua na za matokeo. Mwenye mfumo wa mishahara akae mbali na mwisho wa mwezi. Saa ya kupandisha ipangwe kwa maisha ya mtumiaji, maana usingizi wa mwandishi wa programu hauna uhusiano na soko.

Mambo yakiharibika, desturi yetu ni kumtafuta mtu. Mei 2021 mfumo wa kuuza LUKU ulikwama kwa siku kadhaa, watu wakapanga foleni kwenye ofisi za TANESCO, na waziri wa nishati wa wakati huo, Dkt. Medard Kalemani, akaagiza maofisa wa TEHAMA wasimamishwe kazi. Wananchi waliolala gizani walikuwa na haki ya kudai maelezo, na uwajibikaji hatuupingi. Lakini adhabu peke yake huwafundisha waliobaki kuogopa kupandisha. Anayeogopa kupandisha hulimbikiza mabadiliko ya miezi mitatu na kuyapeleka kwa siku moja, na mzigo wa namna hiyo ndio mgumu kuliko yote kuurudisha, kwa sababu hakuna ajuaye kipi kati ya vitu arobaini kimeleta balaa. Mabadiliko madogo ya mara kwa mara ni salama zaidi kwa sababu hiyohiyo: likiharibika leo, mtuhumiwa ni mstari ulioandikwa jana.

Tunajua jibu litakalotoka kwa wengi: sisi tuko wawili tu, mteja analipa kwa kusuasua, seva ya pili tutaitoa wapi? Ni jibu la haki, lakini hesabu yake haijafika mwisho. Git haiuzwi. Kuweka alama kwenye toleo lililokuwa likifanya kazi vizuri kunachukua sekunde chache. Mazingira ya majaribio ya kuanzia yanaweza kukaa kwenye laptopu ya zamani pale ofisini. Kumpa mwenzako nywila na kumfundisha njia ya kurudisha ni mchana mmoja. Tena timu ya watu wawili ndiyo yenye haja kubwa zaidi na nidhamu hii, maana mmoja akiugua, nusu ya ofisi imelala.

Kwa wateja tuna neno pia. Halmashauri, SACCOS, hospitali na wafanyabiashara wanaoagiza mifumo huuliza bei, muda na muonekano. Waongeze swali la nne kwenye mkataba: mkituletea toleo baya saa nne asubuhi, saa ngapi tutakuwa tumerudi kwenye la jana, na nani atafanya hivyo kama fulani hayupo? Mzabuni asiyeweza kujibu hilo kwa dakika na kwa jina, bei yake nafuu ina deni ambalo halijaandikwa.

Makala za mwezi huu zimepangwa kwa kufuata safari yenyewe: zinaanzia kwenye tawi na mapitio ya msimbo, zinapita kwenye kuhamisha kanzidata bila kufunga huduma, zinamalizia kwenye simu isiyo na mtandao. Msomaji asizisome kama habari za kampuni kubwa za mbali. Tunamwomba afanye jambo moja kabla ya kupandisha toleo lake lijalo. Aandike kwenye karatasi moja hatua za kulishusha, kisha amkabidhi mtu wa timu ambaye hakuliandika, na amwambie alishushe kwenye mazingira ya majaribio bila kuuliza swali. Akiweza, pandisheni. Akikwama mstari wa tatu, toleo hilo halijawa tayari, hata kama mteja anapiga simu.