Tiba ya Kugongagonga kwa Vidole: Msaada kwa Mwanafunzi wa Uuguzi, si Mbadala wa Msimamizi

Mwanafunzi wa uuguzi anapoingia wodini kwa mara ya kwanza hubeba mizigo miwili: masomo aliyoyapata darasani, na hofu ya kuyatenda juu ya mwili wa mtu aliye hai. Sanamu ya mazoezi haishtuki inapochomwa sindano. Mgonjwa hushtuka, na ndugu zake husimama kando wakitazama. Ndipo mapigo ya moyo hupanda, viganja hutoa jasho, na hatua zilizojulikana vema jana husahaulika. Madhara yake humfikia mgonjwa, kwani aliyejaa hofu huweza kukosea kipimo cha dawa, kisha akanyamaza kwa kuogopa kukaripiwa.

Miongoni mwa njia zinazopendekezwa kuipunguza hofu hiyo ni tiba ya kugongagonga kwa vidole. Iliasisiwa nchini Marekani katika miaka ya 1990 na Gary Craig, aliyerahisisha mbinu ya mwanasaikolojia Roger Callahan. Mhusika huitaja hofu yake waziwazi na kuipima kuanzia 0 hadi 10. Kisha hugonga taratibu ukingo wa kiganja huku akitamka maneno kama haya: "Ingawa ninaogopa kumchoma mgonjwa sindano, ninajikubali jinsi nilivyo." Baada ya hapo hugonga kwa ncha za vidole, mara 5 hadi 7 kila mahali: utosini, mwanzo wa nyusi, pembeni ya jicho, chini ya jicho, kati ya pua na mdomo, kidevuni, chini ya mtulinga na chini ya kwapa. Mwishoni huipima hofu upya. Shughuli hii huchukua dakika chache na haihitaji dawa wala kifaa. Kwa kuwa vidole hugusa uso, sharti ifanywe kabla ya kunawa mikono, si baada yake.

Je, inafaa? Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na Dawson Church na wenzake uliwahusisha watu 83. Waliogongagonga kwa muda wa saa moja walipungukiwa na kotisoli, homoni ya msongo, kwa takribani asilimia 24. Waliopewa mazungumzo ya kufariji, na wale ambao hawakupewa tiba yoyote, walipungukiwa kwa takribani asilimia 14. Hata hivyo, Church mwenyewe ni mtetezi mkubwa wa tiba hii. Aidha, maelezo kwamba vidole hufungua njia za nishati mwilini hayajathibitishwa. Mwaka 2003, Waite na Holder waliwachunguza wanafunzi 119 wa chuo kikuu. Hofu ilipungua kwa waliogonga mahali palipoelekezwa, kwa waliogonga mahali pengine mwilini, na hata kwa waliogonga mwanasesere. Yaelekea, basi, kwamba kinachotuliza si mahali panapogongwa, bali ni kuitaja hofu, kuikabili katika usalama na kuipa akili kazi nyepesi huku pumzi ikitulia. Kwa hiyo, hakuna sababu ya mwanafunzi kutozwa fedha nyingi ili afundishwe siri ya nishati.

Kujiamini ni jambo jingine. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake huchipuka katika vyanzo vinne: kutenda na kufaulu, kuwatazama wengine wakifaulu, kutiwa moyo, na hali ya mwili wakati wa kutenda. Kilicho na nguvu zaidi ni kutenda na kufaulu. Kugongagonga hugusa chanzo cha nne tu. Vitatu vilivyobaki vimo mikononi mwa chuo na wodi. Chuo kinachowafundisha wanafunzi kujigongagonga, kisha kikawapeleka wodini bila msimamizi, kimewatuliza ili wavumilie kasoro ambayo kingepaswa kuirekebisha.

Mbinu hii na ifundishwe kama huduma ya kwanza ya hofu, kabla ya mtihani wa vitendo au zamu ngumu. Sambamba nayo, msimamizi aoneshe kazi kwanza, asimame karibu mwanafunzi anapotenda, na asahihishe bila kumfedhehesha mbele ya mgonjwa. Mwanafunzi anayekosa usingizi, hamu ya kula au matumaini kwa wiki mbili au zaidi apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili. Anayewaza kujidhuru asisubiri hata siku moja.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Mwanafunzi akisema, "Naomba nimwite msimamizi wangu kwanza," hiyo si dalili ya ujinga, bali ya uangalifu. Mgonjwa akimjibu kwa upole, "Mwite tu, mwanangu," huwa amemtia moyo, na usalama wake mwenyewe huwa ameulinda.